Viti vya Matanga Vitalala Chumbani Kwako

Awuor nyathina, mwanangu,

Sikuulizi habari yako kwa sababu nakusikia. Uko hapo nyuma ya ukuta, unafungua zipu ya begi, unaifunga, unaifungua tena. Ulikuwa hivyo hivyo ulipokwenda kidato cha kwanza: ukishapanga nguo, unapangua. Mimi niko hapa mezani na karatasi nilizochana kwenye daftari la shule ya Jumapili. Mwandiko wangu unaujua, na shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo usitafute uzuri humu. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Isome kabla hatujatoka asubuhi.

Mambo ya neti, ya kuchemsha maji, ya kumpigia mjomba wako simu ukikwama, hayo sitayaandika. Ulianza kunikumbusha wewe kabla sijaanza kukukumbusha mimi.

Ninachotaka ni kukujibu. Jumapili tulipokuwa tunaosha vyombo uliniambia neno moja, ukiwa umenipa mgongo. Ulisema, "Mama, mimi naenda Muhoroni kuwafungulia watoto wa watu ukumbi wacheze. Wa hapa kwetu ufunguo unao wewe." Na mimi nikasema, "Lete hiyo sufuria." Ukaileta. Tangu siku hiyo tumezungumza habari za mkaa na nauli, basi. Sitaki uondoke na neno hilo likiwa halina jibu.

Ukumbi ule uliujua ukiwa mdogo. Chumba kimoja kirefu, mabati juu, saruji chini, na madirisha ambayo hayakuwahi kupata vioo. Ndani kulikuwa na meza ya pingpong, mbao za drafti za kuchezea vizibo vya soda, na mikeka. Aliyeutunza ni yule kijana tuliyemwita Kocha, ingawa hakuna timu aliyowahi kuifundisha ikashinda. Asubuhi alishona viatu karibu na soko, alasiri alifungua ukumbi, na hakuna aliyemlipa. Jumatano ilikuwa ya sisi akina mama. Alikuja dada mmoja wa ushauri, tukakaa chini tukazungumza habari za watoto wanaotushinda. Mimi nilikuwa nakwenda kwa sababu ya chai.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ya familia, na Kocha alikuwa na sheria yake: mzazi akiingia lazima acheze na mtoto wake, asikae pembeni kama mgeni wa heshima. Siku moja kaka yako Okoth alinivuta mkono mpaka kwenye drafti. Nikawa nasukuma kizibo kimoja mbele, kimoja nyuma, naogopa.

"Mathe, unacheza kama mtu anayeomba msamaha," akaniambia. "Unile! Si umeniona nimekaa vibaya?"

"Nitakulaje na wewe ni mtoto wangu?"

"Haya basi, leo utaliwa na mtoto wako."

Akanila mpaka kizibo cha mwisho, na watu wote wakacheka, na mimi nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Iliyofuata nayo ilikuwa na lake. Awuor, nilicheza na mwanangu siku ile moja tu. Nimejaribu kukumbuka nyingine, na hakuna.

Sasa nikueleze viti, maana wewe unajua vilivyoingia, hujui vilikotoka.

Baba yenu alipofariki ulikuwa bado unabebwa. Kabla hatujamsafirisha nyumbani azikwe, watu walikuja kukaa nasi hapa Nyalenda, kama kawaida. Lakini watakaa wapi? Tulikuwa na kochi moja na vigoda. Mvua ikaanza. Wakwe wangu, watu wazima wenye mvi, walisimama kwenye matope wamejifunika gunia. Mjomba wa baba yenu alipewa kreti la soda alikalie, kreti likapasuka, mzee akaanguka chali miguu juu. Mtu akacheka. Sikumwona ni nani, na afadhali sikumwona. Nilikaa na kile kicheko miaka. Nikamwambia Mungu, ukinijalia nguvu, hakuna mjane mwingine wa mtaa huu atakayefarijiwa na watu waliosimama.

Ndipo chama chetu kilipozaliwa, mimi na Mama Oloo na wenzetu. Tulinunua viti vya plastiki kidogo kidogo, tukanunua hema, tukanunua zile sufuria kubwa. Kazi njema, mpaka leo nasema ni kazi njema. Shida ikawa pa kuviweka.

Jambo hili ndilo sijawahi kulitamka mbele yako. Hakuna mwanamke hata mmoja kati yetu aliyetaka viti vya matanga vilale nyumbani kwake. Sisi sote tumeokoka. Sisi ndio tunaosimama kanisani kusema damu ya Yesu imeshinda mauti. Lakini kiti kinachotoka msibani kuja kulala karibu na kitanda cha mtoto wako? Kila mtu alikuwa na sababu yake. Kwa huyu kunavuja, kwa yule kuna panya.

"Si uviweke kwako, Mama Okoth," Mama Oloo akaniambia. "Wewe una vyumba viwili."

"Kwangu kuna watoto wanalala."

"Na kwangu kunalala mbuzi?"

Tukacheka, lakini hakuna aliyesema sawa. Kisha nikasikia sauti ikisema, "Kule ukumbini hakulali mtu." Ilikuwa sauti yangu. Na wenzangu wakashusha pumzi kama waliotuliwa mzigo.

Ni kweli, hakulali mtu. Tuliogopa kukaa na kifo chumbani kwetu, tukakipeleka mahali watoto wetu walipokuwa wanachezea. Siku ile niliona nimepata hekima.

Tulipoitisha kikao cha mtaa kuwaambia, viti vilikuwa vimeshaingia. Meza ya pingpong tulikuwa tumeisukuma ukutani na kupanga sufuria juu yake. Kocha hakubishana. Alitoa ufunguo shingoni akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Shikeni, mama zetu. Mkitaka mtu wa kufagia, mimi nipo." Ni Okoth aliyesimama.

"Na sisi?" akauliza.

Mama Oloo akamwambia, "Nyinyi mtacheza nje, nje ni kukubwa."

"Mama Oloo, lakini maiti haikalii kiti. Si sisi ndio tunakaa?"

Vijana wakaangua kicheko. Na mimi, ambaye masikio yangu yalikuwa bado na kile kicheko cha siku ya baba yenu, nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya watu, "Kaa chini, Okoth. Matanga si mchezo." Akatazama huku na huku. Viti vyote vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine karibu kufika kwenye mabati. Hakukuwa na pa kukaa, akabaki amesimama mpaka kikao kikaisha.

Kilichofuata ulikiona kwa macho yako. Walicheza nje mpaka mpira ukaharibu sukuma wiki ya mtu. Wakaegemea kuta. Jumatano yetu nayo ikafa, kwa sababu yule dada wa ushauri hakuwa na pa kutuketisha. Kisha vijana wakaanza kufuata disko matanga. Mahali pazuri pa kijana kucheza na wenzake usiku ikawa kwenye msiba wa mtu asiyemjua, penye spika na jenereta. Nilimkataza Okoth. Nilimfungia mlango, akapitia dirishani. Nilifunga kula, Awuor, nikakesha kwa magoti nikimlilia Nyasaye, nikisema, Baba, mfungulie mwanangu mlango mwingine. Na ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la leso yangu. Nilipopiga magoti ulikuwa unanigusa hapa kwenye mbavu. Ulinigusa kila mara, nami nikausogeza kando ili niombe vizuri.

Ile safari ya Asembo Bay sitaiandika yote. Ilikuwa matanga ya mzee mmoja mwenye mashua, walisema kutakuwa na muziki mkubwa. Walipanda boda moja, yeye na rafiki zake. Walirudi alfajiri, na pale Otonglo kulikuwa na lori limeharibika, limesimama barabarani bila taa. Wenzake wanatembea leo. Yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Wenzangu wa chama hawakusubiri niwaambie. Kabla jua halijapanda vizuri viti vilikuwa vimepangwa kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani, hema limesimama, sufuria ziko motoni. Mvua ilinyesha jioni ile pia. Hakuna aliyelowa, hakuna mzee aliyesimama, hakuna aliyeanguka wala aliyecheka. Nilipata matanga niliyomwomba Mungu. Nilikaa katikati yake nikiwa nimeshikwa pande zote, nikayatazama, na sijui neno la kuita kile nilichokiona.

Wewe ulikaa chini. Siku zote zile ulikaa kwenye udongo, mgongo ukutani. Mama Oloo akakuletea kiti, akakuambia, "Keti, nyathina, utashikwa na baridi." Ukamwambia, "Hicho ndicho kilimtoa Okoth ndani." Akadhani ni uchungu unaongea. Akakitua karibu yako akaenda zake, na kiti kikabaki hapo bila mtu. Mimi nilikusikia. Nilijifanya nalia ili nisikusikie.

Nisikilize vizuri sasa. Sisemi meza ya pingpong ingemzuia. Kijana ni kijana, labda angekwenda Asembo hata kama angekuwa na uwanja mzima. Mungu peke yake anajua, na nimemuuliza mpaka nimechoka, hajanijibu. Na sitaki uwadharau wale wanawake. Walinilisha kwa mikono yao nilipokuwa siwezi kushika kijiko. Walilala sakafuni kwangu mpaka mwezi ukaandama upya. Kama si wao, ungezika wawili. Kosa letu si kwamba tulijua kulia pamoja. Tulijua hilo tu. Mtu wa mtaa huu akifa, ndani ya saa moja amepata viti, chai, nyimbo na watu wa kumshika mama yake. Akiwa hai na hana pa kukaa, tunamwambia nje ni kukubwa.

Muhoroni unakokwenda ndiko nilikozaliwa, nilishakuambia, baba yangu alikata miwa huko. Lakini sikukuambia michezo yetu. Tulikuwa tunakimbiza trekta. Linapopita na tela limejaa, linapunguza mwendo kwenye kilima, sisi tunarukia nyuma kuchomoa muwa. Mama zetu walitupiga, makarani wakatupiga, mchungaji akatuhubiria habari za wizi. Tukaendelea. Kulikuwa na Kalasinga mmoja, fundi wa matrekta, mzee wa kilemba chekundu, mkali kweli. Aliona jinsi rafiki yangu alivyoteleza siku moja, tairi likampita karibu na kichwa. Hakutukemea. Kesho yake tulikuta amefunga tairi kuukuu kwa mnyororo kwenye chuma cha gereji yake, linaning'inia, na chini amemwaga maganda makavu ya miwa ili ukianguka usiumie. Akasema neno moja kwa Kiswahili chake, "Hapa," kisha akarudi chini ya trekta lake. Tulibembea pale mpaka nikaota matiti. Matrekta yakapita tukayaacha.

Nilikuwa nalijua hilo, Awuor. Mwili wangu ulikuwa unalijua tangu utotoni, na bado nilikuja kumwambia mwanangu akae chini.

Kwa hiyo sina cha kukufundisha kuhusu kazi yako, umesomea. Nina mambo madogo tu niliyoyapata kwa kuumia. Watakuja kina mama waliotoka shambani, mikono imekatwa na majani ya miwa, nao hawatakuwa na habari na ushauri wako. Watakuja kwa sababu ya chai. Wape chai. Mimi nilifuata chai, na katikati ya chai kuna siku nilikaribia kumwambia yule dada kwamba namwogopa mwanangu tangu baba yake afe, kwamba kila akicheka namwona baba yake na naondoka. Nilikaribia. Ningekuwa na Jumatano chache zaidi, ningesema.

Na baba mtu akikuambia mchezo ni wa watoto wasio na shida, usimjibu kwa maneno. Mwekee drafti mbele. Na mtoto akikuuliza swali la kuchekesha mkutanoni, usimnyamazishe upesi. Mara nyingi ndiye amesema.

Sasa jibu lako.

Leo mchana ulipokwenda kumuaga shangazi yako, nilikwenda kwa Mama Oloo. Nilimkuta anachambua omena uani. Nikamwambia, "Mwenyekiti, natoa viti ukumbini leo."

"Nani amekufa?" Aliruka, omena zikamwagika.

"Hakuna. Natoa vikae kwingine, watoto warudi."

Akanitazama kama mtu anayepima homa. "Mama Okoth, wewe umelala vizuri jana? Kwingine wapi?"

"Kwangu. Chumba cha Awuor. Kesho anaondoka."

Akaanza kuokota omena moja moja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya uani, si ile ya kanisani, "Umezika mume. Umezika kijana. Unataka viti vya matanga vilale kwenye kitanda cha msichana aliyebaki? Hapana, dada yangu. Mwite umtakaye, lakini mimi sitakubeba tena."

Hofu yake ni yangu. Nikamwambia tu kwamba vimelala kwa watoto wa mtaa mzima muda huu wote na hakuna aliyewahurumia. Nikaondoka.

Nimevitoa mwenyewe. Nilimwita Kocha kwenye kibanda chake cha viatu, akaja na aproni yake, ana kipara sasa. Hakuuliza kitu. Tuliposhusha zile sufuria, meza ilionekana: ina miduara myeusi ya masizi, na upande mmoja maji yameuinua ubao umevimba. Wavu umeliwa na panya. Kocha akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Itachezeka, mpira utakuwa unaruka kilevi kidogo." Akaniambia ana watoto wa kulisha, hawezi kila siku, lakini Jumamosi anaweza. Sikumuuliza sheria yake ya wazazi kama bado ipo.

Chama kitakaa Jumapili baada ya ibada. Huenda wakaninyang'anya ufunguo, na wana haki. Huenda wakavirudisha viti na meza ikarudi ukutani, na hapo nitakuandikia nikuambie hivyo bila kuficha. Lakini kitu kimoja kiko mkononi mwangu, nacho ni chumba chako.

Viti viko nje ya ukumbi, nimevifunika kwa turubai. Nilipotoka kuviangalia jioni hii, nilimkuta Mama Oloo amekalia kimoja, amejifunga leso mpaka masikioni, rungu la marehemu mume wake magotini.

"Nalinda viti," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Sikulindi wewe."

"Asante, mwenyekiti."

"Nenda ukalale na mtoto wako. Na uombe. Omba sana."

Utauliza kwa nini sijaviingiza leo hii. Siwezi, Awuor. Mpaka asubuhi wewe utakuwa umelala humo. Najua Neno linavyosema, nimelifundisha kwa watoto wadogo, na bado siwezi kuviingiza wewe ukiwa ndani. Imani yangu imefika hapo. Ukishapanda gari, nitavibeba kimoja kimoja, nitavipanga pale kitanda chako kilipo, nami nitalala chumba cha pili nikivisikia. Ukirudi kututembelea, kama utarudi, utalala kitandani kwangu, upande wa ukutani, kama ulipokuwa mdogo.

Kesho njia yetu ya kwenda stendi inapita pale ukumbini. Utaviona viti vimepangwa nje, na Mama Oloo katikati yake na leso yake. Majirani watakuwa wanatoka milangoni na nyuso zile unazozijua, mikono kichwani tayari, wanauliza ni nani. Mimi nitakuwa nimebeba begi lako, na sijui kama sauti itanitoka. Wewe waambie. Waambie hakuna aliyekufa.

Mama yenu,
wewe na Okoth.